Anza na Basi la Mwisho: Kusini mwa Italia kwa Treni na Basi

Nilikaa kwenye kituo cha basi cha kijiji kimoja cha Puglia tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri ikapita, na basi halikuja. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tano, jua limeshaanza kuuma. Kwenye nguzo palibandikwa ratiba: 9:40, 11:10, 12:35, na juu ya safu hiyo neno moja, feriale. Kiitaliano changu nilikiokota Malindi, kwenye kaunta ya mapokezi ya hoteli, kwa kuwasikiliza wageni, na ferie ni neno nililolisikia kila uchao. Wageni wote walikuwa kwenye ferie, yaani likizoni. Kwa hiyo nilipoona feriale nikaelewa kwamba ni mabasi ya siku za mapumziko, na Jumapili ndiyo siku yenyewe.

Mzee mmoja aliyekuwa akitoka kanisani alisimama, akanitazama mimi na begi langu, akasema kwa upole, "Binti yangu, leo Jumapili. Leo hapa hapiti kitu." Akaweka kidole juu ya neno lile akanifafanulia. Giorno feriale ni siku ya kazi, kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili na sikukuu huandikwa festivo. Safu ya festivo kwenye nguzo ile ilikuwa tupu.

Alinichukua mpaka kwake, mkewe akanipakulia chakula, na jioni kijana wao akanirudisha mjini kwa gari. Sitawasahau watu wale. Usiku ule nilifungua daftari, nikafuta mpango wote niliokuwa nao wa siku zilizobaki, nikaanza upya kutoka upande wa pili. Yote nitakayoyasema hapa yanatokana na usiku huo, na yalinifaa sana niliporudi mara ya pili, safari hii nikiwa na shangazi yangu.

Wanaoniuliza kuhusu kusini mwa Italia huanza karibu wote na treni kubwa: Roma mpaka Napoli ni muda gani, tiketi pesa ngapi. Sehemu hiyo haina shida. Treni za mwendo kasi za Trenitalia na za Italo zinapishana siku nzima, na kutoka Roma mpaka Napoli ni kama saa moja na dakika kumi tu. Ukiikosa moja, unapanda nyingine. Kinachoamua safari yako ni kile kibasi cha mwisho kinachokwenda kijijini mara tatu kwa siku, au mara moja, au siku za shule tu. Anza na hicho. Andika siku yake na saa yake, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike uwanja wa ndege.

Wazee wetu wa mwambao walisafiri hivyo hivyo. Nahodha wa Malindi hakuamka asubuhi akasema kesho natweka tanga kwenda Arabuni. Alingoja kusi impeleke na kaskazi imrudishe, na mambo mengine yote, shehena, harusi, madeni, aliyapanga kuzunguka pepo hizo mbili. Kusini mwa Italia pepo zake ni Jumapili, kalenda ya shule na sikukuu.

Shangazi yangu alipika miaka kumi na tisa katika nyumba ya mama mmoja wa Kiitaliano pale Malindi. Msomaji wa Pwani hatashangaa. Waitaliano wamekuwa nasi tangu walipojenga kituo chao cha kurushia satelaiti kule Ngomeni miaka ya 1960, na wengi walivutwa na bahari wakabaki. Mama huyo, ambaye shangazi mpaka leo humwita Sinyora, alitoka Salento, kile kisigino cha buti la Italia. Alipozeeka alirudi kijijini kwao, katikati ya Maglie na Otranto. Wakawa wanapigiana simu kila Ijumaa. Mwaka juzi Sinyora akasema: njoo kabla sijafa. Shangazi akanipigia mimi.

Kwa sisi wenye pasipoti ya Kenya, mipango ya reli huanzia kwenye viza. Viza ya Shengeni, inayokuingiza Italia na nchi nyingi za Ulaya, sasa ni yuro 90 kwa mtu mzima, tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000. Unaweza kuwasilisha maombi hadi miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku kumi na tano. Watataka kuona utalala wapi kila usiku. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanabuni ratiba ya kuonyesha ubalozini, wakidhani watapanga safari ya kweli baadaye, halafu wakifika wanajikuta wamefungwa na hoteli walizokwisha kulipia. Mimi nilipanga safari ya kweli kwanza. Nilichukua hoteli zinazorudisha pesa, na tiketi za treni kubwa sikuzinunua mpaka viza ilipogongwa. Sinyora alituma barua ya mwaliko kwa upande wake.

Basi nikaanza na kijiji. Sinyora aliuliza duka la karibu yake, akanisomea simuni saa za mabasi kutoka Maglie, nami nikauliza kila moja: ni feriale au festivo? Mengine yalikuwa scolastico, ya wanafunzi, yanayotembea shule zikiwa wazi tu. Shule zikifungwa mwezi wa sita, mabasi hayo hupotea mpaka katikati ya Septemba. Ndiyo sababu nilichagua Oktoba. Watu hudhani kiangazi ndiyo msimu wa usafiri mwingi, na kwa fukwe ni kweli, lakini vijiji vya ndani vinahudumiwa na mabasi ya wanafunzi: asubuhi na mapema, kisha kati ya saa saba na saa nane mchana watoto wanapotoka. Ukijua hivyo, utajua kwa nini kuna mabasi mawili saa nane na hakuna hata moja saa kumi.

Nilikuwa nimepanga tufike kijijini tarehe 1 Novemba. Nilipoitazama kalenda ya Italia nikakuta ni sikukuu ya Watakatifu Wote, nchi nzima, festivo. Nikavuta safari yote nyuma kwa siku tatu. Ziangalie tarehe hizi kabla ya kulipa chochote: 25 Aprili, 1 Mei, 2 Juni, 15 Agosti, 1 Novemba, 8 Desemba. Tarehe 15 Agosti ndiyo nzito kuliko zote, wanaiita Ferragosto, na wiki nzima inayoizunguka Italia inakuwa baharini.

Jambo jingine dogo ambalo kwetu si dogo ni saa. Ratiba zao zimeandikwa kwa mtindo wa saa ishirini na nne, na shangazi anahesabu saa kwa Kiswahili. Akiona 14:30 anataka kujua ni saa ngapi hasa, na akiambiwa saa nane na nusu ndipo inamkaa kichwani. Kwa hiyo kila mstari wa daftari niliuandika mara mbili, namba yao na saa yetu. Nilifanya hivyo kwa ajili yake, lakini nikagundua kuwa hata mimi nilipochoka, usiku wa manane kwenye stendi, macho yalikimbilia safu ya Kiswahili.

Na Kiswahili kilinisaidia kukariri sheria ya mgomo. Mgomo Italia ni sciopero, jifunze neno hilo kabla ya habari ya asubuhi. Hutangazwa mapema, wizara ya uchukuzi huweka orodha yake mtandaoni, na Ijumaa hupendwa sana. Lakini kwa treni za mikoa, siku za kazi, kuna vipindi viwili vinavyolindwa: 6:00 hadi 9:00 na 18:00 hadi 21:00. Kwa saa zetu ni kumi na mbili mpaka tatu, asubuhi na jioni. Shangazi aliisikia mara moja tu ikamtosha. Ulitukuta mgomo mmoja, tukaamka alfajiri, saa mbili tulikuwa tumeshafika.

Roma tulilala usiku mmoja. Tiketi za treni ya mwendo kasi ni kama za ndege: mapema ni rahisi, siku ya mwisho zinapanda mara mbili au tatu. Treni ya mkoa, regionale, bei yake haibadiliki hata ukinunua dakika kumi kabla, na haina kiti maalumu. Usipoteze pesa wala usingizi kuiwekea nafasi wiki tatu mbele. Kitu kimoja tu: tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine cha ukutani kabla ya kupanda, na ya simu lazima ubonyeze kuithibitisha. Ukisahau, mkaguzi akija unalipa faini, hata kama tiketi yako ni halali na umeishika mkononi.

Aliyezoea Madaraka Express, ambako tangu 2017 mtu hufika stesheni mapema, akakaguliwa mizigo, akaonyesha kitambulisho, atashangaa. Stesheni nyingi za kusini unaingia moja kwa moja mpaka kwenye reli. Namba ya jukwaa, binario, hutokea ubaoni muda mfupi kabla ya treni kuondoka, nayo inaweza kubadilishwa dakika ya mwisho kwa tangazo la kipaza sauti. Karatasi ya njano ukutani ni ya treni zinazoondoka, nyeupe ni ya zinazofika. Shangazi nilimwambia hivyo: njano tunakwenda, nyeupe wanakuja.

Napoli tulikaa siku tatu. Reli ya kwanza ya Italia ilizinduliwa hapa, Napoli mpaka Portici, mwezi Oktoba 1839, kama kilomita saba na ushei, na nilifikiria sana jambo hilo kila niliposikia watu wa kaskazini wakisema kusini hakuna reli. Treni ya Circumvesuviana inatoka Napoli kuzunguka mlima wa volkano mpaka Sorrento, ikisimama Ercolano na Pompei. Ina watu wengi, wanasimama wamebanana, kwa hiyo kama una mtu mwenye magoti mabovu panda kituo cha mwanzo kabisa, Porta Nolana, kabla ya Garibaldi, mpate kiti. Pompei sitaieleza, wengi wameieleza. Nitasema tu kwamba shangazi alisimama muda mrefu mbele ya duka la mwoka mikate, akatazama tanuri lake na mawe yake ya kusagia, akasema, "Huyu alikuwa na kazi ya siku ile."

Pwani ya Amalfi haina reli. Watu hutazama ramani, wakaona Salerno iko karibu, wakadhani ni pua na mdomo. Basi kutoka Salerno mpaka Amalfi huchukua saa moja na zaidi, barabara ni kona juu ya kona na upande mmoja ni bahari chini. Sisi tuliiacha. Badala yake tulipanda regionale mpaka Paestum, tukateremka stesheni ndogo, tukatembea kidogo kwenye njia iliyonyooka, na mahekalu matatu ya Wayunani yakatokea mbele yetu kwenye uwanja wa majani. Kwa mtu asiyetaka basi wala kelele, hiyo ndiyo siku ninayompendekezea.

Kutoka Napoli kwenda Palermo kwa ndege ni chini ya saa moja. Tulikwenda kwa treni, karibu saa tisa nzima, na ningerudia kesho. Ni Intercity, si ya mwendo kasi. Inafuata bahari ya Tireno kuteremka Calabria, mara handaki, mara bahari, mara handaki tena. Katikati ya njia inapita Rosarno. Nje ya dirisha ni mashamba ya machungwa, na wachumaji wa machungwa hayo wengi ni vijana wa Afrika Magharibi. Mwezi Januari 2010 vijana hao walishambuliwa kwa bunduki za upepo, wakaandamana kwa hasira, na baada ya siku kadhaa za ghasia wengi wakaondolewa mjini kwa mabasi. Ninalisema kwa sababu treni inapita pale pale, na msafiri mweusi akipanda basi la alfajiri huko Calabria au Puglia atakaa pembeni ya watu hawa, wamevaa viatu vya shamba, wanakwenda kazini. Wasalimie. Shangazi aliwasalimia wote "salaam alaikum" na wengi waliitikia kwa furaha. Mmoja, mtu wa Gambia, ndiye aliyetuonyesha kituo sahihi baadaye tulipokuwa Bari.

Ukifika Villa San Giovanni treni husimama, na hapo ndipo safari hii inapokuwa tofauti na nyingine yoyote niliyowahi kufanya. Mlango wa bahari wa Messina ni kama kilomita tatu tu mahali penye wembamba, na daraja halipo. Treni inakatwa vipande, na mabehewa yanasukumwa polepole ndani ya meli, juu ya reli zilizolazwa tumboni mwa meli hiyo. Feri za treni zimevusha hapa tangu 1899. Sisi watu wa Mombasa tunajua feri ya Likoni, tunajua magari na mikokoteni na watu kwa pamoja, lakini kukaa ndani ya behewa ukaona ukuta wa chuma unakufunika dirishani, kisha ukasikia injini ya meli chini ya miguu yako, hilo ni jambo jingine. Tulipanda ngazi mpaka sitahani. Shangazi alishika ukingo, ushungi unapepea, Calabria nyuma na Sicilia mbele. Akasema, "Na hii wangeileta Likoni." Kukata na kuunganisha huchukua muda mrefu kuliko kuvuka kwenyewe, weka saa moja na nusu au mbili.

Humo melini kuna baa, na watu wote hukimbilia arancini, madonge ya wali yaliyokaangwa yakiwa na kitu ndani. Kwa Mwislamu: uliza kwanza. Yenye nyama mara nyingi huchanganywa na nguruwe, na ile wanayoiita al burro, ya siagi, jina lake linapotosha kwa sababu ndani mna ham, nayo ni nyama ya nguruwe. Tafuta ya mchicha, agli spinaci. Na chunga behewa lako. Upande wa Messina treni hugawanywa, mabehewa mengine yanakwenda Palermo na mengine Catania na Siracusa. Tulikutana na familia iliyoshuka kunyoosha miguu na kurudi upande usio wake. Bahati mkaguzi aliwawahi.

Palermo tulifika giza limeingia. Asubuhi yake tulitembea soko la Ballarò, wauzaji wanaita kwa sauti ya kuimba, samaki, maboga, zeituni. Kuna kitu wanakiita panelle, unga wa dengu uliopikwa, ukakatwa, ukakaangwa, ukatiwa ndani ya mkate. Shangazi alikula moja akasema hii ni bhajia iliyosomeshwa. Waarabu walitawala kisiwa hiki tangu karne ya 9 mpaka Wanormani walipokichukua karne ya 11, na athari zao zimebaki kwenye mitaro ya maji, kwenye majina ya mitaa, kwenye vyakula vitamu.

Lakini kilichonifunga Palermo ni al-Idrisi. Alikuwa mwanajiografia Mwislamu katika jumba la mfalme Mnormani, Ruggero wa Pili, na mwaka 1154 alimkamilishia kitabu cha dunia pamoja na ramani zake. Katika kitabu hicho, kilichoandikwa katika mji huu, Malindi imetajwa. Mombasa pia imetajwa. Na ramani yake imechorwa kusini ikiwa juu, ndivyo walivyozoea wachoraji wa Kiarabu wakati ule, kwa hiyo sisi tuko juu na Sicilia iko chini. Nilimweleza shangazi tukiwa tumekaa kwenye benchi chini ya miti ya mapambo. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Aliambiwa na nani habari zetu?" Na mabaharia, nikamwambia. Wasafiri waliokaa bandarini. "Basi hata yeye alianza kwa kuuliza watu," akasema.

Sicilia, kwa miji mingi, basi lina nguvu kuliko treni. Palermo mpaka Catania treni ikitembea vizuri huchukua karibu saa tatu, lakini reli hiyo iko kwenye ujenzi wa muda mrefu wa kuongeza njia ya pili, na abiria wamekuwa wakihamishiwa mabasi kwa vipande. Basi la moja kwa moja linapita barabara kuu katikati ya kisiwa, chini ya saa tatu, na linatokea karibu na stesheni. Tulipanda hilo. Siyo kama matatu: halingoji kujaa. Saa ikifika linaondoka hata kama ndani kuna watu wanne, kwa hiyo usiende kununua maji dakika ya mwisho. Ukiwa Catania na una siku ya kazi ya ziada, kuna treni ndogo ya Circumetnea inayozunguka mlima Etna kupitia mashamba ya pistachio ya Bronte. Jumapili usiitegemee, maana haitembei.

Kutoka Catania kwenda Puglia ndiko kulikonikosesha usingizi wakati wa kupanga. Kwa ramani ni kama kuvuka chumba, kutoka mbele ya kidole cha buti mpaka kisigino. Kwa reli ni lazima urudi bara, uambae pwani ya bahari ya Ionia kwa treni chache za pole pole, ubadilishe mara mbili au tatu. Nilichora njia hiyo mara nne nikaifuta mara nne. Mwishowe tukapanda basi la usiku mpaka Bari. Basi nalo linaingia ndani ya feri pale Messina, ukiwa nusu usingizini. Sikumficha shangazi kwamba litachosha. Alileta mto wake kutoka hotelini Napoli, alioununua kwa mwenye hoteli kwa yuro tano, akalala mpaka Taranto.

Bari Centrale inahitaji maelezo. Hapo hapo kwenye stesheni moja kuna makampuni kadhaa ya reli, yakiwemo Trenitalia, Ferrotramviaria ya upande wa kaskazini, Ferrovie del Sud Est inayokwenda Alberobello na Martina Franca, na Ferrovie Appulo Lucane inayokwenda Matera. Kila moja ina tiketi yake na dirisha lake, na ya Matera ina jengo lake pembeni. Uliza kwa jina la kampuni. Ukiuliza "treni ya Matera iko wapi" ndani ya ukumbi mkubwa utazungushwa.

Reli hiyo ya Matera ni nyembamba, upana wake sentimita 95, haikuunganishwa na mtandao wa taifa. Kwa hiyo ukitafuta Matera kwenye programu ya treni za taifa, yaweza kukuletea basi. Treni yenyewe inatembea siku za kazi. Jumapili uliza kwanza kama ni treni au basi. Tulikwenda Jumanne. Ni mji uliochimbwa mwambani, na mpaka miaka ya 1950 familia ziliishi mapangoni pamoja na punda na kuku wao, kisha sheria ya 1952 ikaanza kuwahamisha. Mwaka 1993 UNESCO iliutia kwenye urithi wa dunia, na 2019 ukawa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Sehemu walizoondolewa watu kwa aibu sasa ni vyumba vya hoteli ghali. Shangazi hakuwa na hamu ya kupiga picha huko.

Hamu yake ilikuwa Bari ya zamani. Karibu na ngome kuna kichochoro, Arco Basso, ambako akina mama hukaa nje ya milango yao wakitengeneza orecchiette, tambi za umbo la sikio dogo. Unga wa ngano ngumu na maji, basi. Unakata kipande, unakivuta kwa kisu juu ya ubao, unakigeuza kwa kidole gumba. Shangazi amefanya hivyo Malindi miaka kumi na tisa. Kwa sababu majani ya cime di rapa hayakupatikana sokoni, alipika na sukuma wiki, na Sinyora akakubali. Mama mmoja alipomwona anatazama mikono yake, na si tambi, akasogea kwenye benchi akampa kisu. Shangazi alikaa. Nilihesabu masikio kumi na moja kabla mama yule hajainua kichwa na kuita jirani zake watatu waje waone.

Tulibakiwa na hatua ya mwisho, ile iliyoandikwa ya kwanza kwenye daftari. Bari mpaka Lecce ni reli kuu ya Adriatiki, treni nyingi, hamna la kusema. Lecce tulibadilisha tukapanda treni ndogo ya Sud Est mpaka Maglie, ikapita kwenye mizeituni mingi iliyokauka, kijivu kama mifupa, kwa sababu ya bakteria wa Xylella walioanza kuonekana Salento 2013. Shangazi aliuliza kama hakukunyesha. Nilimweleza ni ugonjwa. Hakusema tena mpaka tulipofika.

Maglie nilinunua tiketi za basi kwenye tabacchi, duka lenye herufi T kubwa mlangoni. Nilinunua za kwenda na za kurudi kwa pamoja, maana maduka hayo mengi hufunga mchana kuanzia saa saba mpaka saa kumi, na ndani ya basi dereva huenda hana tiketi za kuuza. Basi lilikuja 13:25. Lilijaa wanafunzi kama nilivyotarajia, mabegi, kelele, kijana mmoja akamwachia shangazi kiti bila kuombwa.

Sinyora alikuwa amesimama kituoni na fimbo yake. Sijui alikuwa amesimama tangu saa ngapi. Walishikana mikono kwanza, kama watu wazima, kisha shangazi akamwambia Kiitaliano cha jikoni ambacho mimi sikukielewa vizuri, na wote wawili wakaanza kulia. Mimi, kwa mazoea, macho yalikuwa yameshakwenda kwenye nguzo. La mwisho kurudi Maglie lilikuwa 17:40, feriale. Siku ya kazi, kwa hiyo lipo. Nilikuwa nimeshalipia chumba Lecce.

"Shangazi," nikamwambia, "basi letu ni saa kumi na moja na dakika arobaini."

Hakugeuka. "Lako wewe, mwanangu," akasema. "Mimi nimefika."